Henri Dunant: kwa nini huruma peke yake haikutosha

Kila tarehe 8 mwezi wa tano, watu wa Msalaba Mwekundu wanavaa jile zao na kushuka barabarani, Goma kama vile pembe zingine za dunia. Tarehe hiyo haikuokotwa ovyo. Ni siku aliyozaliwa Henri Dunant, mwaka 1828, katika mji wa Geneva, inchi ya Uswisi. Jina lake wengi wamelisikia kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Maisha yake, ni wachache wanayoyajua. Na maisha hayo yanamhusu kila mtu anayebeba mgonjwa wa dharura: mwenye ambulansi, mwenye pikipiki, mwenye kipoyi, mwenye kituo cha afya.

Dunant ndiye aliyeifanya dunia ikubali sheria inayolinda gari la wagonjwa katikati ya vita. Dunant huyo huyo aliangushwa kwa kudharau sheria za kazi yake nyingine, kazi ya franga. Vitu hivyo viwili vinasomwa pamoja.

Mtoto wa wafanyabiashara

Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Antoinette, alikuwa akishughulika na wagonjwa na maskini wa mji. Nyumbani kwao dini ilikuwa kitu cha kila siku, na kusaidia watu ilikuwa sehemu ya dini hiyo. Kijana Henri alikuwa akitembelea wafungwa na wahitaji. Mwaka 1852 alikuwa kati ya walioanzisha Geneva chama cha vijana Wakristo, kile kinachojulikana mpaka leo kwa herufi YMCA.

Masomoni hakung'aa. Aliacha shule mwaka 1849 kwa sababu ya pointi mbaya, akaingia banki kujifunza kazi. Mwaka 1853 kazi ikamfikisha Algeria, Tunisia na Sicily. Algeria ilikuwa chini ya ukoloni wa Ufaransa, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa ikigawa ardhi ya wenyeji. Dunant akaona nafasi. Mwaka 1856 akafungua kampuni yake ya kulima na kusaga ngano. Franga alizikusanya kwa jamaa na marafiki wa Geneva, watu waliomwamini kwa sababu walimjua kanisani.

Lakini karatasi za ardhi na za maji hazikukamilika. Mtu yeyote aliyewahi kuzunguka ofisi kwa ofisi akitafuta karatasi ya shamba anaelewa shida hiyo. Maofisa wakamrudisha leo, wakamrudisha kesho. Mwishowe akakata shauri kwenda kumwona mkubwa wao wote, Kaizari Napoleon III wa Ufaransa. Wakati huo kaizari alikuwa Italia ya kaskazini, akipigana na Austria. Dunant akamfuata huko huko.

Siku za Solferino

Tarehe 24 mwezi wa sita mwaka 1859, majeshi yakakutana karibu na Solferino. Wafaransa na wenzao wa Sardinia upande mmoja, Waaustria upande mwingine, jumla zaidi ya askari laki mbili. Jioni ilipofika, karibu watu 40,000 walikuwa wamekufa ama kujeruhiwa. Dunant aliingia siku hiyo katika mji mdogo wa jirani, Castiglione delle Stiviere, akiwa na nguo nyeupe za safari na karatasi zake za biashara mkononi.

Majeruhi walikuwa wakiletwa kwa maelfu. Walijaa makanisani, nyumbani, barabarani. Wanganga wa jeshi walikuwa wachache mno. Dunant hakuwa munganga, lakini hakuondoka. Akakusanya wanawake wa mji, vijana, hata wasafiri waliokuwa wakipita, akawagawia kazi. Wengine wachote maji, wengine waoshe vidonda, wengine waandike barua za waliokuwa wakifa. Wanawake wa Castiglione wakawahudumia wote sawa, Mfaransa na Mwaustria, bila kuuliza nani ni wa upande gani. Dunant aliomba pia wanganga wa Austria waliokuwa wametekwa waruhusiwe kufanya kazi yao, wakaruhusiwa.

Katika siku hizo aliona jambo lililomsumbua maisha yake yote. Castiglione haikukosa mioyo mizuri. Maji yalikuwepo, chakula kilikuwepo, vitambaa vya kufunga vidonda vilikuwepo tele. Bado watu walikufa kwa kiu na njaa, kwani hakukuwa na mikono ya kutosha wala mtu aliyejua nani afanye nini. Huruma ilikuwa nyingi, mpango haukuwepo.

Na jambo la pili. Baada ya mapigano, uvumi ulipita mjini kwamba Waaustria wanarudi. Watu wakashikwa na woga. Wakafunga milango, wakaondoa bendera za Ufaransa madirishani. Kulikuwa na waliokuwa wakiuguza Wafaransa tu nyumbani kwao, nao wakakimbia kutafuta majeruhi wa Austria wa kuwaweka ndani, ili adui akifika aone kwamba wake pia wametunzwa. Uvumi ulikuwa wa uongo. Lakini ulionyesha kwamba aliyemsaidia majeruhi hakuwa na kitu cha kumlinda. Angeweza kuulizwa kwa nini alimfunga kidonda adui, na kulipa kwa shingo yake. Wakaaji wa Kivu Kaskazini hawahitaji kuelezwa swali hilo.

Kutoka kitabu mpaka sheria

Dunant alirudi Geneva, akaandika. Mwaka 1862 alichapisha kwa franga zake mwenyewe nakala 1,600 za kitabu chake, Kumbukumbu ya Solferino, akazituma kwa wafalme, majenerali na wakubwa wa Ulaya. Ndani yake aliweka mapendekezo mawili. La kwanza, kila inchi iunde chama cha kusaidia majeruhi, kianze kazi wakati wa amani, watu wake wafundishwe kabla ya shida kufika. La pili, mataifa yakubaliane sheria moja ya kuwalinda majeruhi na wale wanaowahudumia.

Mwanasheria wa Geneva, Gustave Moynier, alisoma kitabu hicho akakipeleka mbele ya chama cha misaada alichokiongoza. Mwezi wa pili mwaka 1863 watu watano wakaunda kamati: Moynier, Dunant, Jenerali Guillaume-Henri Dufour, na wanganga Louis Appia na Théodore Maunoir. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Dunant alikuwa mwandishi wake.

Tarehe 22 mwezi wa nane mwaka 1864, wajumbe wa inchi 12 wakatia sahihi Mkataba wa Geneva. Ulikuwa na vifungu 10 tu. Hospitali za vita na watu wake hawashambuliwi. Mwenyeji anayemsaidia majeruhi anaheshimiwa. Askari aliyejeruhiwa anatunzwa, wa taifa lolote. Na alama ya kazi hiyo ni msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe.

Watu wengi wanakumbuka upande huo wa ulinzi. Mkataba huo huo ulikuwa na upande wa madai. Hospitali inabaki na ulinzi wakati ina wagonjwa ndani. Ikishikwa na kikosi cha askari, ulinzi unaisha. Kitambaa cha mkononi hakivaliwi na kila anayejisikia. Lazima kitolewe na wakubwa wa jeshi wenye madaraka hayo. Yaani tangu siku ya kwanza, ulinzi wa mbeba majeruhi uliuzwa kwa bei, na bei yenyewe ni kufuata kanuni.

Kanuni hizo mbele ya bariere ya Bunagana

Mikataba ilifanyizwa upya mara kadhaa, mwisho mwaka 1949, na Kongo yenye uhuru iliingia ndani yake mwaka 1961. Kwa hiyo yale yaliyoanza na Dunant ni sheria hapa pia.

Bunagana ni mji wa mpaka, katika teritware ya Rutshuru. Ng'ambo ya bariere ni upande wa Kisoro, Uganda. Vita vimepita hapa zaidi ya mara moja. Mwezi wa sita mwaka 2022, M23 walipouteka mji, maelfu ya wakaaji walivuka kuingia Uganda. Siku za namna hiyo, gari lenye msalaba linaomba njia mbele ya kila bunduki. Linapewa njia kwa sababu moja tu: kila upande unaamini kwamba ndani mna mgonjwa, na si kitu kingine.

Imani hiyo inajengwa pole pole na kuvunjwa mara moja. Ambulansi ikibeba askari wazima wenye silaha, ikificha sanduku la risasi, ama ikipitisha bidhaa za mfanyabiashara ili zisilipe duane, dereva wake anaweza kupona siku hiyo. Lakini inayofuata, hata kama ina mama mja mzito anayetoka damu, itasimamishwa na kupekuliwa, ama kupigwa risasi. Ndiyo maana magari ya Msalaba Mwekundu na ya MSF yana kibandiko cha bunduki iliyokatwa na mstari: silaha haziingii humu. Na anayejificha nyuma ya msalaba ili aue ama ajeruhi watu, sheria ya kimataifa inamwita mhalifu wa vita.

Hata wakati wa amani alama hiyo si pambo. Duka la dawa, kiliniki ya mtu binafsi, wala gari la kupakia abiria halina ruhusa ya kujichorea msalaba mwekundu. Ambulansi inayotumia alama hiyo lazima iwe imepata ruhusa ya chama cha Msalaba Mwekundu cha inchi, na iwe ya kuwahudumia wagonjwa bure. Anayeichora kwa kutafuta wateja hafikiri kwamba anamdhuru mtu. Lakini kila msalaba wa uongo ukutani unapunguza nguvu ya ule wa kweli barabarani.

Kuna na zile karatasi ndogo ndogo ambazo watu wanazichukia: ruhusa ya kufanya kazi, leseni ya dereva, cheti cha muuguzi, daftari la wagonjwa, ukaguzi wa chupa ya oksijeni. Kila moja ina sababu yake. Aliyefundishwa anajua kwamba mtu aliyeanguka na kuumia shingo hanyanyuliwi kama gunia. Chupa iliyokaguliwa haikutwi tupu katikati ya safari. Daftari linajibu wakati jamaa wanapouliza mgonjwa wao alipokelewa saa ngapi na nani, na linamwokoa muuguzi anaposingiziwa kwamba alibagua watu wa kabila fulani ama wa upande fulani.

Ni kweli, kufuata kanuni si kinga ya risasi. Tarehe 26 mwezi wa nne mwaka 2001, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa Ituri: Wakongo wanne, Mswisi mmoja na Mkolombia mmoja. Magari yao yalikuwa na alama za kuonekana wazi. Baada ya mauaji hayo kazi ya Kamati ikasimamishwa upande huo, na waliopoteza zaidi ni wakaaji waliokuwa wakingoja msaada. Lakini kwa kuwa waliouawa walikuwa wamefuata kanuni, hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba walikuwa na kitu kingine garini. Hatia ilibaki kwa wauaji peke yao.

Hesabu zikamwangusha

Wakati dunia ilipokuwa ikitia sahihi mkataba, mwenye wazo hilo alikuwa ameacha biashara yake ioze. Dunant alikuwa akizunguka Ulaya kutafuta sahihi za wafalme, huku mashamba ya Algeria yakila franga bila kuleta faida. Badala ya kuwaambia ukweli waliomkopesha, aliendelea kutumaini kwamba mambo yatatengenezeka. Alikuwa pia katika uongozi wa banki ya Geneva iliyoitwa Crédit Genevois, na biashara zake za Algeria zikachanganyika na mambo ya banki hiyo.

Mwaka 1867 banki ikaanguka, na Dunant akafilisika. Madeni yake yalikaribia franga milioni moja za Uswisi. Jamaa na marafiki waliomwamini wakapoteza pamoja naye. Mwaka 1868 mahakama ya Geneva ikaamua kwamba katika mambo hayo alidanganya wenzake. Katika mji ule wa wafanyabiashara na wacha Mungu, aibu hiyo haikuwa na dawa. Dunant aliondoka Geneva, na hakurudi tena mpaka kufa.

Kamati yake mwenyewe haikumbakisha. Aliacha kazi ya mwandishi, kisha akaondolewa kabisa katika Kamati. Moynier, aliyekuwa amegombana naye tangu mwanzo, hakupatana naye tena. Wapo wanaoona kwamba Kamati ilimtenda bila huruma, na hawakosi sababu. Lakini iangaliwe pia kwa upande mwingine. Kamati hiyo ilikuwa inaomba majenerali wa pande zinazopigana waamini neno lake: kwamba hema hili lina wagonjwa tu, kwamba mtu huyu ni munganga tu. Ingewezaje kuomba hivyo, ikiwa barua zake zinaandikwa na mtu aliyefilisika na kuwapotezea wenzake franga? Shirika la dharura linaishi kwa kuaminiwa. Hesabu chafu za mtu mmoja zinaweza kulifungia njia sawa na risasi.

Vita ya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia ilimkuta Dunant Paris, tayari maskini. Huko ndiko mkataba wake ulipopimwa. Askari wengi wa Ufaransa hawakuwa wamefundishwa kitu juu yake, na watu walijifunga kitambaa cha msalaba bila ruhusa, wengine kwa kuokoa nafsi zao tu. Alama ikaanza kudharauliwa. Ilionekana wazi kwamba kutia sahihi ni mwanzo tu. Bila kufundisha na kusimamia, sheria inabaki karatasi.

Chumba namba 12

Miaka iliyofuata Dunant aliishi kwa kuhurumiwa na watu. Kuna usiku alilala nje, kuna siku alizokosa chakula. Mwaka 1887 alifika Heiden, kijiji cha milimani mashariki mwa Uswisi, na mwaka 1892 akaingia katika hospitali ya hapo, chumba namba 12. Munganga Hermann Altherr akamtunza. Wengi duniani waliamini kwamba alishakufa, mpaka mwaka 1895 mwandishi wa habari Georg Baumberger alipomtembelea na kuandika habari zake. Makala hiyo ikapita katika magazeti ya Ulaya, na dunia ikakumbuka.

Mwaka 1901, Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikwenda kwa watu wawili: Dunant na Frédéric Passy, Mfaransa aliyepigania amani. Rafiki wa Dunant, munganga wa jeshi la Norway Hans Daae, akaziweka franga hizo katika banki ya Norway ili wanaomdai wasizinyakue. Dunant hakuzitumia. Aliendelea kukaa katika chumba chake, akiwaogopa wadai mpaka uzeeni.

Alikufa tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka 1910, akiwa na miaka 82. Moynier alikuwa ametangulia miezi miwili mbele. Dunant alizikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka mwenyewe.

Katika wosia wake, franga za tuzo aligawia vyama vya kusaidia watu vya Norway na Uswisi. Aliacha pia fungu maalumu kwa Heiden, ili katika hospitali ile kitanda kimoja kiwe wazi siku zote kwa mgonjwa maskini wa sehemu hizo, bila kulipa. Na zile zilizobaki zilikuwa za kupunguza madeni ya watu wa Geneva waliomwamini. Hazikutosha kuyamaliza.